Barbara Lee si kura moja tu

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, wajumbe 420 wa Baraza la Wawakilishi la Marekani walimruhusu Rais kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya waliohusika, na mjumbe mmoja tu akakataa. Huyo alikuwa Barbara Lee wa Oakland, California. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa, ikabidi alindwe na polisi.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tumeshazika watu wetu wa Nairobi na Dar es Salaam, waliouawa na al-Qaeda tarehe 7 Agosti 1998, kwa hiyo hasira ya Wamarekani siku ile haikuwa ngeni kwetu. Lakini Lee hakudai kwamba wauaji waachwe. Alichokataa ni ruhusa isiyotaja nchi wala ukomo, na yaliyofuata yalimpa haki, kwa maana ruhusa hiyohiyo ilikuja kutumika hata Somalia dhidi ya al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijaanzishwa.

Hata hivyo, nasikitika kwamba kura hiyo imefunika kazi yake nyingine, ambayo kwetu ni kubwa zaidi. Mwaka 2000 alishirikiana na Jim Leach, mbunge wa chama pinzani cha Republican, kupitisha sheria ya kuchangia mapambano ya dunia dhidi ya UKIMWI na kifua kikuu. Mwaka 2003 akawa miongoni mwa walioandaa sheria iliyozaa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia nchi nyingine kupambana na UKIMWI, uliotengewa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, huku Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwa kati ya nchi za mwanzo kunufaika. Aliyetia saini sheria hiyo ni George W. Bush, rais yuleyule ambaye Lee alikuwa amempinga juu ya vita vya Afghanistan na vya Iraq. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanakumbuka wagonjwa waliorudishwa nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la kuwapa, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwapo duniani lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Leo mama mwenye VVU anachukua dawa zake kliniki, anarudi shambani au sokoni, na analea watoto wake. Kuna jasho la Lee katika hilo.

Nadhani aliijua shida kabla ya kuijua siasa. Alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1946, na alisoma chuo cha Mills huku akilea wana wawili peke yake. Huko alikutana na Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, aliyemhimiza kwanza ajiandikishe kupiga kura. Mwaka 1972 Lee akamfanyia kampeni ya urais. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya mbunge Ron Dellums, na mwaka 1998 akakirithi kiti chake.

Si kila msimamo wake utakubalika kwetu. Wengi watatofautiana naye kuhusu utoaji mimba, suala ambalo alilitolea ushahidi bungeni mwaka 2021 kwa kueleza yaliyompata yeye mwenyewe akiwa msichana. Mara nyingi alishindwa pia: mwaka 2020 pendekezo la kupunguza bajeti ya ulinzi kwa asilimia 10 lilipata kura 93 tu. Mwaka uliofuata, lakini, Baraza liliunga mkono muswada wake wa kufuta ruhusa ya vita vya Iraq kwa kura 268 dhidi ya 161.

Mwaka 2024 aliwania useneta akashindwa katika kura za mchujo, na tarehe 3 Januari 2025 muda wake bungeni ukaisha. Miezi michache baadaye watu wa Oakland wakamchagua kuwa meya. Siku 17 baada ya yeye kuondoka bungeni, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wanaotegemea dawa za PEPFAR wakaingiwa na hofu ambayo tulidhani tumeizika. Nilitamani sana awe bado ukumbini siku ile.