Mwanangu haringi, tumbo lake ndivyo lilivyo

Likizo ya Desemba wanangu wawili walikwenda Tarime kwa bibi yao mzaa mama. Waliporudi, wa kike, mwenye miaka 14, alishuka kwenye basi amenawiri. Wa kiume, mwenye miaka 9, suruali ilikuwa inamvuka. Nikamwuliza kulikoni, akanyamaza. Dada yake ndiye aliyenieleza usiku. Kila asubuhi walipewa kikombe kikubwa cha maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kuchemshwa, na kila ilipofika saa tatu mdogo wake alikuwa chooni. Siku ya pili aliomba chai ya rangi. Mjomba wake mmoja akasema mbele ya watu kwamba mtoto wa kiume anayekataa maziwa anaringa, Dar imemharibu. Tangu siku hiyo hakukataa tena. Wiki tatu nzima alikunywa kikombe mpaka tone la mwisho, akaenda kuharisha peke yake, akarudi kucheza na wenzake.

Nilipomkalisha chini aliniambia, "Baba, sikutaka waseme mimi si wa kwao."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Shemeji zangu ni watu wema na najua watayasoma haya, kwa hiyo nawaambia wao kwanza. Kwenye maziwa kuna sukari iitwayo laktosi. Ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na zikiwa zimeshikana hivyo utumbo hauwezi kuzifyonza. Lazima zitenganishwe, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichopo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Kikombe cha mililita 250 kina laktosi gramu 12 hivi. Laktasi ikiwa haba, sehemu kubwa ya laktosi hiyo hupita nzima nzima, huku ikivuta maji kuingia utumboni, mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha na kutoa gesi. Maji yale na gesi ile ndiyo tumbo kunguruma, kujaa, kukata na kuharisha. Mtoto amekunywa saa moja, saa tatu yuko chooni. Mwili wake ulikuwa unasema ukweli kila siku, na sisi watu wazima tukamwita mwenye maringo.

Najua mtakachouliza, kwa sababu mke wangu aliniuliza: mbona alipokuwa mdogo alikuwa anakunywa vizuri? Ndivyo inavyokuwa. Karibu kila mtoto huzaliwa na laktasi ya kutosha, kwani maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Baada ya kuacha kunyonya, mwili huanza kuipunguza pole pole. Ndama naye hukua hivyo hivyo, na mbuzi, na paka. Kwa binadamu, takribani watu wazima wawili kati ya watatu duniani hawaimeng'enyi laktosi sawasawa. Mwanangu yuko kwenye kundi kubwa. Wanaobaki na laktasi yao mpaka uzeeni ndio wachache, na wameipata kwa njia ya ajabu sana.

Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha laktosi gramu 50, wakapima kama sukari inapanda kwenye damu, kisha wakachunguza vinasaba vyao. Walikuta mabadiliko madogo karibu na kinasaba cha laktasi, yanayokifanya kisizimwe baada ya utoto. Wazungu nao wana badiliko la namna hiyo, lakini lao ni jingine. Yale yaliyoonekana kwetu yalizuka yenyewe, hapa hapa, na yakasambaa kwa kasi katika miaka 7,000 hivi iliyopita, ng'ombe walipokuwa wanaingia katika maisha ya watu. Inadhaniwa kwamba aliyeweza kunywa maziwa wakati wa njaa na ukame alibaki hai, akazaa watoto wenye uwezo ule ule. Kila nikifikiria hilo nawaheshimu wakwe zangu na mifugo yao. Uwezo wao wa kumaliza kibuyu ni historia ya mababu zao, imeandikwa ndani ya miili yao.

Sasa mimi kwetu ni Mtwara. Mababu zangu waliishi kwa kilimo, mashamba yakawalea. Ng'ombe hawakuwa nao, mbung'o hawakuwaruhusu. Hawakuwa na sababu ya kubaki na laktasi ukubwani, na mimi sinayo.

Na dada yake je, mama mmoja baba mmoja? Kila kinasaba tunacho nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na ili laktasi iendelee, nakala moja yenye badiliko hutosha. Ikiwa mke wangu anayo moja tu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Naamini binti yangu aliipata na mdogo wake akaikosa. Hakuna aliyemdekeza mmoja na kumlea vizuri mwingine.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata mimi baba yake nilichelewa. Mwaka jana mtoto huyu alitibiwa amiba mara tatu kwenye zahanati moja. Mara tatu! Kila akisema tumbo, dawa. Hakuna aliyemwuliza jana alikunywa nini, na mimi sikumwuliza.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila tumbo linaloharisha ni la maziwa. Kuharisha kwenyewe kunaweza kuchubua utumbo na kupunguza laktasi kwa muda, kisha ikarudi. Mtoto anayekonda, mwenye homa au damu kwenye choo apelekwe hospitali. Na mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa: huo ni kinga ya mwili kupambana na protini, na unaweza kuua.

Kuchemsha hakuiondoi laktosi. Maziwa ya unga yanayo, ya mbuzi yanayo.

Wala sisemi mtoto asiguse maziwa tena. Wengi wenye laktasi haba huvumilia kiasi kidogo, hasa pamoja na chakula, ndiyo maana kikombe cha chai ya maziwa na chapati hakimsumbui. Samli karibu haina laktosi. Na mtindi! Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi wenyewe. Bibi zetu walijua kugandisha maziwa kwenye kibuyu kabla ya yeyote kuijua laktasi kwa jina, na watu ambao matumbo yao yalikataa maziwa yasiyogandishwa wakapata kushiba. Mifupa nayo haitegemei kikombe cha asubuhi peke yake. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi.

Nilimpigia mama mkwe nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba, kwa nini mtoto hakuniambia?" Nikamwambia aliogopa. Baadaye alimtaka mjukuu wake kwenye simu, wakaongea peke yao muda mrefu, sikusikia walichosema.

Juzi amepiga tena kuulizia likizo ya Juni. Kibuyu cha mtindi cha mjukuu wake amekitenga, na amewaambia wajomba wote wasikiguse.