SS Uganda haikuanza 1968

Inaniudhi kila nisomapo habari za meli ya Waingereza, SS Uganda. Zinaanza 1968, meli ilipogeuzwa ya matembezi ya wanafunzi wa Uingereza, kisha zinarukia 1982, ilipowashusha watoto Naples na kwenda kuwa hospitali katika vita vya Falkland, kati ya Uingereza na Ajentina. Miaka 15 ya kwanza hupewa sentensi moja.

Miaka hiyo ndiyo yetu! Meli ilijengwa Glasgow, na mwaka 1952 kampuni ya meli ya British India ikaiweka, pamoja na pacha wake Kenya, kwenye njia ya London, Suez, Adeni, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam hadi Beira. Abiria walikuwa kama 300 tu. Tumbo lililobaki lilikuwa la shehena, na shehena ilipita mabegani mwa watu. Tanga, katani ilifuata meli nangani kwa matishari, mashua bapa za kubebea shehena. Ndani ya falka, yaani ghala la shehena tumboni mwa meli, makuli walipokea robota baada ya robota, nyuzi zikiwachoma shingo, joto la humo halisemeki. Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasaidia usuluhishi, mshahara ukapanda kwa asilimia 33. Huwezi kuandika habari za meli za njia ile ukawaruka watu hawa.

Wapo wanaosema ilikuwa meli ya wakoloni, ya nini kuililia? Sawa, vyumba vya daraja la kwanza havikutengenezwa kwa ajili yetu. Lakini jasho lililoijaza lilikuwa la wazee wetu.

Ndege zikawachukua abiria, uhuru ukapunguza maofisa wa kusafirishwa, na 1967 mfereji wa Suez ukafungwa. Meli ikapelekwa Hamburg, na ndani ya falka vikapangwa vitanda vya wanafunzi zaidi ya 900. Natamani kila mtoto aliyelala mle angeambiwa nani walifanya kazi pale alipoweka mto wake.

Kazi hiyo ya pili siidharau. Ndiyo iliyoiokoa, maana pacha wake, meli ya Kenya, ilikatwa vyuma 1969. Na kule Falkland ilitibu majeruhi zaidi ya 700, Waajentina wakiwamo.

Tufani iliipindua SS Uganda huko Taiwan mwaka 1986, ikisubiri kukatwa. Makuli waliobaki sasa ni wazee sana. Mwenye babu aliyefanya kazi Kilindini, Tanga au Dar amrekodi wiki hii, na majumba yetu ya makumbusho yazipokee sauti hizo.