Kabla Hujaipa Wilaya Alama F

Siku hizi Texas, jimbo la Marekani, huzipa wilaya za shule alama, A hadi F. Kila ninapoziona alama hizo naikumbuka Edgewood, wilaya ndogo upande wa magharibi wa jiji la San Antonio, ambako watoto wengi ni wa familia maskini zenye asili ya Meksiko.

Marekani, shule za umma hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi za eneo lenyewe. Mwaka wa masomo 1967–68, Edgewood ilijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za jiji lile. Alamo Heights, wilaya wanakoishi matajiri wa jiji hilohilo, walitozwa senti 85 tu. Ukiondoa mchango wa kila wilaya katika mfuko wa jimbo, Edgewood ilibakiwa na dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, dola 333. Nyumba zao zilikuwa za thamani, basi.

Nimechoka kusikia kwamba wazazi maskini hawajali elimu. Hawa walijikamua kuliko matajiri, na bado karibu nusu ya walimu wao hawakuwa na vyeti kamili. Mei 1968 wanafunzi wapatao 400 walitoka madarasani wakaandamana.

Demetrio Rodriguez, baba aliyefanya kazi ya mabati katika kituo cha jeshi la anga, alikwenda mahakamani pamoja na wazazi wenzake kupinga mfumo huo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, majaji 5 kwa 4. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wataalamu wenyewe wanabishana kama fedha huinua elimu. Hoja hiyo inaniuma mpaka leo. Kama fedha hazina kazi, mbona waliokuwa nazo hawakukubali kuzigawa?

Mwaka 2016 Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico walichapisha utafiti juu ya watu waliozaliwa kati ya 1955 na 1985. Pale shule zilipoongezewa fedha kwa asilimia 10 kwa miaka yote 12 ya masomo, mtoto wa familia maskini alisoma karibu nusu mwaka zaidi, na ukubwani ujira wake ulikuwa juu kwa karibu asilimia 10.

Katika kesi nyingine, mahakama ya juu ya Texas yenyewe iliipa Edgewood haki mwaka 1989, majaji wote wakikubaliana. Wanawe Rodriguez waliokuwa shuleni kesi ya kwanza ilipoanza walikuwa wameshamaliza zamani.

Wanaotoa alama waendelee kuzitoa. Ila kando ya kila herufi waandike pia wilaya inajitoza kiasi gani, na kodi hiyo inamfikishia kila mtoto dola ngapi.