"Kwa taarifa": maneno mawili yanayoipokonya Seneti kazi yake

Ukitaka kujua nani hasa anatawala chuo kikuu cha umma hapa Kenya, usihangaike na hati ya chuo. Chukua ajenda ya kikao cha Seneti, chombo cha chuo kinachosimamia masomo, shuka hadi kwenye waraka uliotoka Wizarani, uangalie mabano yaliyo mwisho wa mstari. Yanasema "kwa uamuzi" au "kwa taarifa"? Siku hizi kila kitu ni kwa taarifa. Karo zimebadilika: kwa taarifa. Muhula umefupishwa: kwa taarifa. Idara mbili zimeunganishwa, na mkuu wa mojawapo alipata habari kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia kikao: kwa taarifa, ndugu wajumbe, na tusonge mbele maana chai inapoa.

Kisha tunatoka nje kulalamika kwamba serikali inaingilia vyuo. Inaingilia, ndiyo. Ila mlango iliukuta wazi.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 haina fumbo katika hili. Kifungu cha 35 kinagawa kazi: Baraza linaajiri, linapitisha sera na bajeti, Seneti inapanga ajenda ya kitaaluma, Bodi ya Usimamizi inaendesha shughuli za kila siku. Hakuna palipoandikwa kwamba Seneti ni ubao wa matangazo. Tatizo ni kwamba Naibu Chansela, yaani mtendaji mkuu wa chuo, anaongoza Seneti, anaongoza Bodi ya Usimamizi, na kiti anacho pia katika Baraza. Waraka ukitua mezani kwake Jumatatu, Bodi inaanza kuutekeleza Jumanne, na yeye huyohuyo ndiye anayeamua uandikwe vipi kwenye ajenda ya Seneti mwezi ujao. Unadhani ataandika "kwa uamuzi" jambo ambalo ameshalitekeleza?

Barazani nako, mwenyekiti ni mteule wa Waziri, Katibu wa elimu ya vyuo vikuu yumo, Hazina nayo imo. Mhadhiri aliyechaguliwa na wenzake alikuwa na kiti enzi za sheria za zamani za kila chuo. 2012 kiti kikayeyuka. Wakati ule tulikuwa tungali tunashangilia kwamba Rais si Chansela tena wa kila chuo cha umma kama enzi za Moi. Haya, tumeshangilia.

Tuchukue mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023. Wanafunzi waligawanywa kwa mapato ya nyumbani, na makundi yakaishia kuwa matano: wa kundi la kwanza anapata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa 25, familia inatoa 5, wa kundi la tano anapata 30 na 30, mzazi anabeba 40. Desemba 20, 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa. Serikali ikakata rufaa. Wengi waliisoma hukumu ile kama habari ya wazazi na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mimi niliisoma kama aibu ya Seneti zetu (za vyuo, si ile ya Bunge, ingawa usingizi unafanana). Umma ulikimbilia mahakamani. Wajumbe walipokea taarifa.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba karo si kazi ya Seneti. Ni ya Baraza. Lakini pesa isipofika, kinachokatwa kwanza ni masomo: kundi la maabara la wanafunzi 20 linakuwa la 60, mhadhiri wa muda hapewi mkataba, yuniti (somo moja la muhula) ya hiari inafutwa kwa kukosa mwalimu, na safari ya nyanjani inageuka slaidi. Hayo yote ni ya kitaaluma, na Seneti ina haki ya kusema: kwa fedha hizi kozi hii itachukua wanafunzi kadhaa, hatuzidishi.

Mfano mbaya zaidi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, ni kalenda baada ya mgomo. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulianza Septemba 17 ukaisha Novemba 5. Wiki saba. Sina neno na waliogoma. Walikuwa wanadai jasho lao la tangu mkataba wa mishahara wa 2017–2021. Lakini fanya hesabu. Yuniti ya saa tatu kwa wiki kwa wiki 14 ni saa 42. Muhula ukibanwa uwe wiki tisa, ratiba ileile inakupa saa 27. Kuzirudisha zile 42 unahitaji karibu saa tano kwa wiki kwa kila yuniti, na mwanafunzi mwenye yuniti saba atakaa darasani saa 33 kwa wiki badala ya 21. Kumbi za kumweka ziko wapi, na chuo kilikuwa kikigombania kumbi hata kabla ya mgomo?

Kwa hiyo hazirudishwi. Mada mbili za mwisho za silabasi zinaangushwa kimyakimya, CAT mbili (majaribio ya katikati ya muhula) zinakuwa moja, na majaribio ya maabara yanakuwa "maonyesho", yaani fundi wa maabara anamimina, wengine wanapiga picha kwa simu. Mtahini wa nje, anayetoka chuo kingine kukagua mitihani, akija anakuta maswali yote yametoka nusu ya kwanza ya kozi. Nani aliidhinisha mada zikatwe? Hakuna. Seneti ilipitisha tarehe tu: kufungua, mitihani, kufunga.

Kinga ipo, na haihitaji sheria mpya. Karatasi za kikao zitoke siku saba kabla, si asubuhi yenyewe. Kila waraka wa Wizara uje na ukurasa mmoja wa juu unaojibu mambo matatu: unasimama juu ya kifungu gani cha sheria, unabadilisha kanuni gani ya masomo ya chuo, na nani analipa. Kalenda iliyobanwa isipitishwe bila jedwali la saa za kila kozi kutoka kila idara. Ni kazi ya siku mbili kwa mkuu wa idara mwenye lahajedwali. Na mjumbe anayetaka hoja ihame kutoka "taarifa" kwenda "uamuzi" aseme pale ajenda inapopitishwa, mwanzoni kabisa. Ukingoja hoja ifike ndipo uinue mkono, utaambiwa ajenda ilishakubaliwa, na wewe mwenyewe uliikubali.

Kuna wanaosema Seneti ni kubwa mno na ni nzito. Kweli, ni nzito. Kozi mpya hutoka idara, ikaenda kitivo, kamati, Seneti, kisha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na katika kila kituo kuna mtu anayetaka neno "stadi" liwe "ujuzi". Wizara ina haki ya kukosa subira. Haina haki ya kukosa jibu la maswali yale matatu.



Jambo la mwisho ni kumbukumbu za kikao, mahali ambapo wajumbe wazoefu huzubaishwa. Kikao kinasema "Seneti ilipokea taarifa". Mwezi unaofuata, kumbukumbu zinaletwa kuthibitishwa, kurasa 40, na kwenye ukurasa wa 23 imeandikwa "Seneti iliidhinisha". Mtu anasema "naafiki", mwingine "naunga mkono", sahihi inatiwa. Siku chuo kikishtakiwa, karatasi hiyo ndiyo itakayopelekwa kortini kuthibitisha kwamba wahadhiri walikubali. Fungueni ukurasa wa 23.