Ndoa za binamu, vipimo vya jeni na mtoto asiyevumilia jua

Lamu kijana akifikia kuoa, jina la kwanza kutajwa nyumbani mara nyingi huwa la mtoto wa ami au wa mjomba. Wazee wana sababu zao: mali haitoki, nyumba ya Mkomani haigawanywi kwa watu baki, tabia za pande zote mbili zinajulikana tangu utotoni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Vijana waliosoma nao wanapinga. Wanasema ndoa hizi huzaa maradhi, na wapo wanaotaka pasifungwe nikaha bila cheti cha vipimo vya jeni. Wazee hujibu kwamba Sura An-Nisaa, aya ya 23, imetaja wanawake walioharamishwa na binamu hayumo. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, inayokataza ndoa za binamu kwa wengine, imewatoa Waislamu katika katazo hilo.

Mjadala huu ukibaki juujuu haufiki popote, kwa hiyo nitauleta kwenye ugonjwa mmoja unaohusu jua, jambo ambalo sisi tulio digrii mbili tu kusini mwa ikweta hatuna pa kulikimbilia.

Ugonjwa huo ni zeroderma pigimentosamu, kwa kifupi XP. Mtoto huzaliwa mzima. Kisha, kabla ya kutimiza miaka miwili, madoadoa meusi huanza kujitokeza puani, mashavuni, midomoni na nyuma ya viganja, yaani popote ambapo nguo haifiki. Ngozi hukauka na kukunjamana kama ya mtu mzima. Macho huwasha, akitolewa kwenye kivuli cha daka kuelekea forodhani hufumba na kujificha kwenye kanga ya mamake. Saratani ya ngozi huweza kumpata kabla hajafika miaka kumi, na weusi wa ngozi haumwokoi.

Mwaka 1968, huko California, James Cleaver aligundua kiini chake: seli za wagonjwa hawa zinashindwa kukarabati DNA, yaani uzi ulio ndani ya seli unaobeba maelekezo ya urithi. Mionzi ya jua ya urujuanimno ikiingia kwenye ngozi, hugandisha pamoja herufi mbili za DNA zilizo jirani, na uzi ukapinda mahali hapo. Hutokea kwangu na kwako kila tukitoka juani. Mwili wenye afya hukabiliana nalo kama mafundi wa Matondoni wanavyoiandaa mashua: kuna anayeipapasa akitafuta panapovuja, kuna anayetoa kilichooza, kuna anayepiga kalafati. Protini iitwayo XPC ndiyo inayotafuta palipopinda. Ikipaona huita nyingine, ambazo huufumbua uzi na kukata kipande kibovu chenye herufi zisizozidi thelathini hivi. Kimeng'enya kingine hujaza pengo kwa kunakili upande wa pili uliobaki salama, na cha mwisho huunganisha ncha. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alizifafanua hatua hizi, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobeli ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, ambao walichunguza njia nyingine za ukarabati. XPC ikiharibika, makosa huachwa yakarundikana hadi seli ikasahau mpaka wake na kuwa saratani.

Ili mtoto augue, lazima arithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Mwenye moja tu ni mbebaji, na afya yake ni kamili. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mgonjwa.

Hapo vijana wana haki. Ukiwa mbebaji, uwezekano wa binamu yako wa kwanza kubeba jeni ileile ni 1 kati ya 8, kwa sababu mnachangia babu na bibi. Ulaya, ambako XP humpata takriban mtoto 1 kati ya milioni moja, mtu baki anayebeba jeni hizo ni kama 1 kati ya 500 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa kwa methali.

Lakini wazee nao wana hoja, na takwimu zinawaunga mkono. Utafiti mkubwa uliofanywa Bradford, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watoto wanaozaliwa na kasoro hupanda kutoka asilimia 3 hivi hadi 6 wazazi wanapokuwa mabinamu. Ndiyo, ni maradufu. Ila pia ni watoto 94 kati ya 100 wasio na kasoro hizo. Anayesimama barazani kutangaza kwamba ndoa ya binamu ni kuzaa vilema anawatukana jamaa wengi wenye watoto wazima, na hakuna atakayemsikiliza baada ya hapo.

Linalonishughulisha zaidi halisemwi na upande wowote, nalo linatoka Mayotte, katika visiwa vya Komoro. Huko XP huonekana kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000, kiwango cha juu kuliko kote kunakojulikana duniani. Chanzo ni kosa moja katika jeni ya XPC, lililoingia na wahenga wachache kisha likaenea jamii ilipokua. Kwa hesabu ya urithi, hapo mbebaji ni kama mtu 1 kati ya 35. Kijana wa huko akimkwepa binti ami akaposa kijiji cha pili, hajawa salama. Sisemi jeni hiyo iko Lamu. Nasema kisiwa ni kisiwa: watu wameoana humohumo kwa karne nyingi, na asiyeitwa binamu huenda akawa na bibi mmoja nawe vizazi sita nyuma. Katazo la ndoa za binamu lingevunja mila na kuacha sehemu ya tatizo palepale.

Je, cheti cha lazima? Saudia ilianza mwaka 2004 kuwapima wachumba wote selimundu (sikoseli) na thalasemia, maradhi mawili ya damu ya kurithi, na baada ya majibu uamuzi wa kuoana ukabaki wao. Ni mfano mzuri kwa maradhi yaliyoenea na yenye kipimo rahisi. Selimundu ni yetu pia hapa Pwani, na kwa hiyo ningeunga mkono bila kusita. XP ni jambo jingine. Jeni zinazoweza kuusababisha ni nane, kila moja ina makosa ya namna nyingi, na kumpima kila mchumba kwa yote hayo ni gharama isiyo na tija. Halafu kuna siri. Katika mji ambao habari hufika Langoni kabla ya mwenyewe kufika, jibu la maabara litageuka sifa ya ukoo, na najua atakayeachwa: binti. Mwanamume mbebaji ataposa kwingine.

Naona njia ipitie kwa mshenga. Tayari anauliza kuhusu kifafa na wazimu katika ukoo. Na aulize pia kuhusu watoto waliofariki wadogo, waliokuwa na madoadoa, walioogopa mwanga. Pakiwa na jibu, wachumba wote wawili, si mmoja, wapelekwe kwa mtaalamu wa urithi, na kipimo kitafute kosa linalojulikana katika ukoo huo.

Katika kubishana juu ya nani amwoe nani, waliokwisha kuzaliwa wamesahaulika. XP haina tiba, ila mtoto akitambuliwa mapema, akafunikwa vizuri, akapakwa mafuta ya kuzuia jua kila anapotoka na ngozi yake ikakaguliwa kila baada ya miezi michache, huongezewa miaka mingi. Vichochoro vyembamba vya mji wa kale vinamfaa kuliko ufuo, ambako mchanga na maji hurudisha mionzi usoni hata chini ya mwavuli. Darasani asikae karibu na dirisha, maana kioo hakizuii mionzi yote. Madrasa anaweza kusoma baada ya magharibi. Kwa kuwa jua ndilo huupa mwili vitamini D, apewe ya dawa. Na mwalimu aambiwe wazi kwa nini mtoto huyu hatoki kucheza mpira saa nne.