Tiketi ya kurudi inathibitisha nini hasa?

"Dada, sistimu inakataa."

Kama kuna maneno ya kumtoa mtu kijasho chembamba pale uwanja wa ndege wa Dar saa nane za usiku, begi likiwa tayari juu ya mzani, ni hayo. Aliambiwa mdogo wangu majuzi. Anafungasha dagaa hapa Mwanza, mtaji wake wa kuungaunga, na alikuwa anakwenda Malaysia kuangalia mashine za kufungashia. Mtanzania haombi viza kuingia kule kwa matembezi mafupi. Pasipoti ilikuwa bado mbichi, hoteli ya siku za mwanzo imelipiwa, ile fomu yao ya kidijitali ya kuingia ameshaijaza. Kosa lake? Tiketi ya kwenda tu. Alipanga akimaliza Kuala Lumpur apande basi hadi Singapore, ambako nako hatuombi viza, aone na huko wana nini, ndipo anunue ya kurudi siku atakapokuwa ameelewana na wauzaji.

Akamweleza dada wa kaunta kwamba mabasi ya kwenda Singapore yapo kutwa nzima. Ni kama kumweleza ukuta. Akanipigia: "Kaka, wananikatalia, na kaunta inafungwa." Tukachangishana kwa simu usiku uleule, ndugu wengine tukiwaamsha, tukanunua tiketi ya kurudi kwa bei ya mtu aliyekabwa koo. Alipotua, afisa uhamiaji alimuuliza anafikia wapi, akamruhusu apite. Tiketi hakuiulizia kabisa.

Shirika lenyewe silitaji, maana mengi hufanya hivyo, na sababu yao inajulikana. Kwa Kiambatisho cha 9 cha ule Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga, abiria akikataliwa kuingia nchi fulani, aliyemleta ndiye anayembeba kumrudisha. Juu ya hapo kuna faini. Uingereza hutoza pauni 2,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati sahihi, na Ulaya nako wanahesabu kwa maelfu ya euro. Kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta anafungua Timatic, kanzidata ya masharti ya kuingia kila nchi, anasoma kilichoandikwa, na kuanzia hapo yeye ndiye uhamiaji wa nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga. Uhamiaji halisi anaweza kukusikiliza. Huyu anaogopa kukatwa mshahara. Simlaumu sana, ila asiniambie "sistimu" kana kwamba ni mvua imenyesha.

Kinachoniuma ni kwamba sharti hili limetungwa kwa kumfikiria mtu mmoja tu: mwajiriwa aliye likizo, anayejua kabla hajatoka nyumbani kwamba tarehe fulani lazima awe mezani kwake. Sisi wa kanda ya ziwa tunasafiri kwa kufuata shughuli. Mama anayepeleka mzigo wa dagaa kutoka mwalo wa Kirumba hajui atarudi lini. Atarudi mzigo ukiisha na wadeni wakilipa. Anayepanda basi la Kampala kupitia mpaka wa Mutukula anakwenda na hati yake ya kusafiria, na ukimuuliza tarehe ya kurudi atakushangaa. Akikuta bei nzuri anakaa, akikuta soko limelala anageuza kesho yake. Biashara ndogo ndivyo ilivyo duniani kote. Huyohuyo akipanda ndege, kutojua tarehe kunageuka dalili ya uhalifu. Anatakiwa aape, kwa pesa taslimu, kwamba mazungumzo ambayo hayajaanza yataisha Jumanne.

Na kiapo chenyewe ni cha bandia! Mwenye nia ya kuzamia anaweza kununua tiketi inayorejeshewa pesa, akaionyesha kaunta, kisha akaifuta akiwa amekaa geti la kuondokea anakunywa soda. Mtandaoni wapo wanaokukodisha nafasi ya ndege ya siku mbili kwa dola chache, ina namba yake kamili, ukishavuka inajifia yenyewe. Mjanja analipa hizo dola chache. Mkweli, anayesema wazi kwamba bado hajui, ndiye anayefilisika saa nane usiku. Sharti linalomkamata msema kweli na kumpitisha mwongo linathibitisha nini?

Haya, nikubali, japo kwa shingo upande, kwamba maswali mengine uwanjani yana maana. Wapo mabinti wanaosafirishwa kwenda Arabuni na Asia kwa ahadi za kazi hewa, na afisa akimuuliza binti anakwenda kwa nani na nani kalipa, huenda anamwokoa. Basi muulizeni. Lakini usafirishaji wa binadamu hauzuiwi kwa tiketi ya kurudi. Tiketi ni kitu ambacho msafirishaji mwenyewe anaweza kumnunulia binti bila jasho.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, na sisi kwenye viza yetu ya mtandaoni tunamdai mgeni tiketi ya kurudi. Nalo ni jambo la kijinga vilevile.

Ukaguzi wa mabegi siugusi leo, ingawa kopo la asali ya Tabora lililobaki kwenye pipa la ukaguzi kwa sababu ya ile sheria ya tangu 2006 ya kutoingia ndani ya ndege na kimiminika cha zaidi ya mililita 100, bado naliwaza. Dagaa walipita.

Ninachodai ni kidogo mno. Wakala aliyemuuzia mdogo wangu tiketi, hapahapa mjini, aliona anakwenda Malaysia, aliona ni ya kwenda tu, aliona pasipoti ya Tanzania. Hakusema kitu. Masharti yaleyale yaliyomtokea dada wa kaunta kwenye kioo yanaweza kusomwa siku ya kuuza, mchana, mteja akiwa amekaa kwenye kiti, nauli za kurudi zikiwa bado za kibinadamu. Shirika likiuza bila kusema halafu likamzuia mtu mlangoni, hiyo tiketi ya kukurupushwa lilipie lenyewe. Nilimpigia wakala kumuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu, kwa upole kabisa, "Kaka, hakuniuliza."