Utani Usio na Mtani

Kwenye kundi la WhatsApp la timu moja ya wahandisi wa programu niliyofanya nayo kazi, kijana mmoja alikagua msimbo wa mwenzake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, akaandika: "Huu msimbo wa kishoga kabisa." Wenzake wakacheka. Nilipomuuliza faragha, alishangaa kweli. Hakumtaja mtu, alisema, na hajui shoga yeyote katika timu. Ni utani tu.

Hoja yake isipuuzwe. Kazi hii ina usiku mrefu na hitilafu zinazomtoa mtu machozi, na bila kicheko watu hawavumiliani. Tena hofu ya kuadhibiwa kwa sababu ya msimamo haikutoka hewani. Brendan Eich, mbunifu wa lugha ya programu ya JavaScript, aliongoza Mozilla, kampuni ya kivinjari cha Firefox, kwa siku 11 tu mwaka 2014, akajiuzulu kwa sababu ya kelele juu ya dola 1,000 alizochangia mwaka 2008 kwa kampeni ya kupinga ndoa za jinsia moja California. Mchango ule haukuwa utani, lakini wengi walioona yaliyompata walianza kupima kila neno.

Ila utani kwetu una kanuni zake. Mpare akimwambia Mchaga kwamba anapenda pesa kuliko mama yake, Mchaga naye anamrushia ubahili wake, hata msibani, na hakuna anayenuna. Utani ni deni linalolipwa papo hapo. Mtani lazima awe na ulimi wa kujibu.

Sasa mtafute mtani wa ule ujumbe. Tuseme yumo kundini, kimya. Ajibu nini? Akijibu amejitaja, na kwa Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume na maumbile", kinaanzia jela miaka 30 hadi maisha. Kenya ni hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta sheria hiyo. Hivyo naye anatuma kikaragosi cha kucheka, tena mapema kuliko wengine, asije akatiliwa shaka.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapolifikiria jambo hili. Kiongozi wa timu anahesabu malalamiko, anakuta sifuri, anaamini mambo ni shwari. Sisi wahandisi, kati ya watu wote, tungepaswa kujua zaidi. Seva isiyoandika kosa hata moja kwa mwaka mzima haituridhishi. Tunakwenda kuangalia kama kumbukumbu za makosa zimezimwa. Kile kicheko ndicho kilichozizima. Na mtu huyo akichoka hatalalamika, ataaga kwa barua ya kistaarabu inayosema amepata nafasi nyingine, na hakuna atakayeunganisha kuondoka kwake na ujumbe wa miezi minane iliyopita. Hasara hiyo haina safu kwenye ripoti yoyote, kwa hiyo anayesema utani haujamdhuru mtu anasema kweli kwa kadiri anavyoona.

Kuhusu hofu kwamba kanuni zitaua uchangamfu, Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaojengwa na wahandisi wengi duniani, imeshajaribu. Septemba 2018 mradi ulipitisha kanuni mpya za mwenendo, na mwanzilishi wake, Linus Torvalds, mwenyewe akaomba radhi kwa ukali wa barua pepe zake, akapumzika kwa muda. Wapo waliotabiri kwamba ubora wa kazi utawekwa nyuma ya siasa. Alirudi Oktoba, na Linux haijaacha kutoa matoleo mapya.

Katika timu yetu hakuna aliyefukuzwa, wala sikutaka afukuzwe. Kiongozi aliandika mstari mmoja kundini: "Sema kilichoharibika." Kijana akakaa kidogo, kisha akaeleza kwamba programu inaiuliza hifadhidata upya kwa kila mteja badala ya kuwachukua wote kwa pamoja. Aliyeuandika msimbo ule aliurekebisha jioni hiyo hiyo.